Karatasi ya Maneno Arobaini na Moja

Kuchoshwa na mwanamume ni jambo la kawaida, kila mwanamke analijua. Lakini kuchoshwa na joka, tena joka lenyewe halipo duniani wala mbinguni, lipo kitabuni tu, hilo lilimpata Mtangazaji peke yake, Jumamosi moja saa tisa na robo mchana, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja ndani ya duka la miwani la mchumba wake.

Joka lilikuwa limeziba mlango wa pango. Yeye, ambaye kwenye mchezo ule wa mezani, ambamo kila mtu huigiza mhusika wa hadithi, alikuwa mganga, alikuwa na dawa ya kulilaza usingizi. Kilichotakiwa ni alitaje kwa jina, arushe dadu, basi. Akalitaja. Alilitaja kwa sauti ileile inayosoma taarifa ya habari kila jioni, sauti ambayo watu hupunguza moto jikoni ili waisikie vizuri.

"Velthin," alisema.

Mama Bucha akaangalia kucha zake. Dereva wa gari la wagonjwa akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Fundi, mchumba mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo, akafungua daftari lenye jalada jekundu, akaweka kidole kwenye mstari, akasema kwa upole wake wa siku zote kwamba mezani hapo joka hilo linaitwa Vahaeluthuine. Kwa hiyo dawa ya mganga imepotea hewani, na zamu imempita.

Wiki ya tano hiyo. Zamu tano zimempita mtu ambaye kazi yake, mshahara wake na jina lake mjini ni kutamka maneno sawasawa! Haki iko wapi?

Ndiyo ilikuwa sheria ya meza. Kitabu cha mchezo kilitoka ng'ambo, na majina yake yaliandikwa kama vile mtu ameangusha sanduku la herufi sakafuni akazoa alizoziona. Basi Fundi alikuwa ameweka utaratibu: mtu wa kwanza kukutana na neno ndiye analisoma, vyovyote mdomo wake utakavyolitoa, linaandikwa daftarini, na litabaki hivyo mpaka mchezo uishe. Anayelitamka vingine anapoteza zamu. Joka lilimwangukia Mama Bucha. Mama Bucha hakuruka herufi hata moja, alizipitia zote kwa kidole kama anayehesabu vipande vya nyama mbele ya mteja mgomvi, akapata silabi saba.

Mtangazaji alikuwa amekwenda kutafuta mtandaoni, akampata mtunzi wa kitabu mwenyewe, mzee mwenye ndevu, akilitaja joka lake kwa silabi mbili. Akaileta hiyo sauti kwenye simu, akawasikilizisha wote. Fundi alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema mzee yule ana haki kabisa, kwenye meza yake.

Siku nyingine angenuna tu, akatulia. Lakini leo hapana. Leo saa kumi baba yake alikuwa anakuja.

Baba huyo alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumbadilisha. Mke wake alifariki binti akiwa na miaka sita, akamlea peke yake. Kila alasiri mtoto alisimama kando ya meza ya chakula akasoma gazeti kwa sauti, na baba, bila kuinua macho kwenye sahani, akasema "tena" kila alipoteleza. Ikasemwa "tena" mara elfu na mara elfu nyingine, mpaka sauti ikanyooka, mpaka redio ikamchukua. Watoto wa jirani walinunuliwa peremende. Yeye alisahihishwa, na alijua kwa moyo wote kwamba anapendwa.

Wiki mbili zilizopita Fundi alikwenda kujitambulisha kwa mzee. Hakufika mbali shuleni, aliishia kidato cha pili, mengine yote aliyasoma mwenyewe. Sasa mtu anayesoma peke yake hujua maneno kwa sura, si kwa sauti, na siku ile mzee alimnasa mara tatu kabla ya chai kupoa. Mwishoni alitoa kauli yake: atakwenda kumwona huyu kijana kwake, kazini kwake, na hao wenzake, kisha atasema kama wazee waje kuposa au wasije. Akisema wasije, ndiyo imekwisha. Mzee hakuwahi kubadilisha kauli, na Fundi alishasema tangu mwanzo kwamba hataoa binti wa mtu kwa kuruka ukuta.

Kwa hiyo Mtangazaji alijiandaa. Siku tatu alikaa na kile kitabu, akaandika karatasi: maneno arobaini na moja, kila moja na matamshi yake, mstari chini ya silabi ya mkazo, kama wanavyofanya studioni. Akatoa nakala nne. Zamu ilipompita, akafungua mkoba, akazigawa, akawaomba kwa adabu kwamba kwa leo tu, kwa saa mbili tu, daftari jekundu lifungwe.

Dereva aliuliza kama kuna maksi za bure kwa kuandika jina. Mama Bucha aliipokea yake kwa mikono miwili, akavuta miwani karibu na macho, midomo ikaanza kwenda bila sauti. Fundi aliikunja ya kwake mara mbili, kisha mara ya tatu, akainama, akaichomeka chini ya mguu mfupi wa meza.

"Asante," alisema. "Ilikuwa inayumba."

Mtangazaji akasimama. Akamwambia mchumba wake, kwa sauti ya taarifa ya msiba, kwamba anaomba waongee kule nyuma.

Kule nyuma ni chumba kimoja chembamba. Kuna mashine ya kusagia lenzi, kuna trei za fremu zenye majina ya wateja, na ukutani ile chati ya herufi za kupimia macho, kubwa juu, ndogo chini. Nafasi ya watu wawili kugombana humo ni kama hakuna. Walisimama wakakaribiana kiasi cha kusikia pumzi, na siku nyingine nafasi hiyo ndogo waliipenda sana.

Alianza yeye, na alianza kwa mbio. Akamweleza jinsi baba yake alivyo, kana kwamba hamjui. Akamweleza usiku wa juzi alivyolia kwenye mto. Akamuuliza anaona shida gani, neno ni neno, lina namna yake ya kusemwa, kulisema vizuri kunampunguzia nini? Fundi aliegemea mashine, mikono kifuani, akamwacha amalize. Ustahimilivu huo ulimkera kuliko matusi.

"Sema kitu basi!"

"Unakumbuka nilisahihishwa mara ngapi kwenu?" Fundi aliuliza.

"Mara tatu. Baba ndivyo alivyo, nimeshakuomba radhi."

"Mara nne."

Akahesabu kichwani. Tatu. Kisha akaikumbuka ya nne, na kweli alikuwa ameisahau kabisa, kwa sababu kwake ilikuwa kitu kidogo. Fundi alikuwa anaeleza ugonjwa mmoja wa macho, ule unaoiba macho polepole mtu asijue. Akautaja kwa jina lake la kitabuni, akautaja vibaya, na Mtangazaji, aliyeketi karibu naye, bega kwa bega, akamrekebisha. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema, lakini sauti ilishapungua.

"Ulimsaidia yeye." Fundi hakupandisha sauti. "Ule ugonjwa nimewagundulia watu themanini na kitu kwenye hicho kiti cha mbele. Wapo wanaoona leo kwa sababu niliwawahisha hospitali. Baba yako alinisahihisha mara tatu nikameza, mimi ni mgeni na yeye ni mzee. Ya kwako ndiyo imenikaa hapa." Akagusa koo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikuwa naogopa nitakuambia vibaya."

Neno hilo lilimchoma. Alitaka kumgusa mkono, na hasira ikamkataza. Alikuwa na hasira na baba, na joka, na yule mzee mwenye ndevu wa mtandaoni, na mwanamume huyu aliyekaa na kidonda wiki mbili huku akimpigia simu kila asubuhi kumuuliza amelalaje. Akamwambia yeye kasahihishwa maisha yake yote na hajafa. Mtu asiyekusahihisha hakujali. Ndivyo anavyojua.

Fundi akageuka, akaonyesha chati ukutani. Akamuuliza kama amewahi kumsikia, hata siku moja, akimwambia mteja amekosea herufi. Hakuwahi kumsikia. Mteja akisoma vibaya, Fundi husema "haya, na hii?", akabadilisha lenzi.

"Nikimwambia umekosea, anaanza kubahatisha ili anifurahishe," Fundi alisema. "Atanipa majibu mazuri, nami nitamtengenezea miwani ya macho ya mtu mwingine. Atatoka hapa anaumwa kichwa, na atasema ahsante. Yule mama pale mezani aliitwa mjinga shule nzima. Haukuwa ujinga, alikuwa haoni ubao. Alivaa miwani akiwa na miaka arobaini na sita, akajifunza kusoma, na hicho kitabu ndicho cha kwanza alichokisoma bila mtu kumhesabia makosa. Ndiyo maana tuna daftari."

Mtangazaji alichungulia mezani kupitia mlango. Wiki tano amekaa na Mama Bucha meza moja, na alidhani sheria ile ni ukaidi tu wa Fundi.

"Baba yako nitampokea vizuri," Fundi aliendelea. "Nitampa kiti kizuri. Lakini karatasi yako siisomi. Nikiisoma leo, nitaisoma mpaka nizeeke. Nitakuwa nafanya mtihani kila nikiomba chumvi."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amenikataa mimi. Nitaumia, nitaumia vibaya sana, unajua ninavyokupenda. Ila huyo wa kwenye karatasi hata akikubaliwa, mimi itanisaidia nini?"

Hapo ndipo waliposikia kengele ya mlango wa mbele, na sauti nzito ikiuliza kama hapa ndipo kwa mpima macho. Saa tisa na dakika arobaini. Mkaguzi hakuwahi kufika kwenye ukaguzi kwa saa aliyoitaja.

Fundi alimwamkia, mzee akaitikia marahaba kavu, akakaribishwa kiti chenye mgongo. Akakikataa. Akachukua kigoda, akakaa nyuma kidogo ya Mama Bucha, mahali wakaguzi wanapopenda kukaa, akasema waendelee kama vile hayupo. Ajabu ya maneno. Nani anaweza kuendelea kama vile simba hayupo sebuleni?

Fundi akaendelea. Alieleza kwamba joka limesogea, pango liko wazi, na ndani yake kuna jiwe lenye maandishi. Ilikuwa zamu ya Mama Bucha kulisoma. Mama Bucha alivuta kitabu, akaweka kidole, akaanza. Alisoma polepole, lakini alisoma, na kwa mara ya kwanza Mtangazaji alimtazama uso badala ya kusubiri kosa. Akaona raha iliyokuwa pale. Mwanamke mzima anayepasua mifupa kwa shoka kuanzia alfajiri, anatabasamu kwa sababu mstari umeisha na yeye ameufikisha.

Kisha likaja jina la mji. Neno jipya, halimo daftarini, herufi tisa zisizosalimiana. Mama Bucha alivuta pumzi.

"Kuoiriseuksi," alisoma.

"Hapana, mama," ikasema sauti kutoka nyuma.

Mzee alikuwa ameokota karatasi ya Mama Bucha mezani. Alikuwa ameitambua kazi ya binti yake, ile mistari chini ya silabi, na uso ulikuwa umemlainika kwa fahari. Akasema hii ni kazi safi sana, imepangwa vizuri, basi kwa nini haitumiki? Neno ni Kwasu, limeandikwa hapa waziwazi. Arudie.

"Kwa... Kwaseu," alisema Mama Bucha.

"Tena."

"Kwasui."

"Tena."

Fundi alifungua mdomo, kisha akamtazama Mtangazaji, akaufunga. Hakumwomba chochote. Alimtazama tu, na Mtangazaji akajua kwamba baba ni wake, karatasi ni yake, na mdomo unaotakiwa ni wake.

"Tena, mama, usiogope. Tamka tu."

Mama Bucha hakutamka. Alitoa kidole kwenye mstari. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya kitabu, akasema kwa sauti ya chini kwamba samahani, macho yamechoka, labda Dereva asome.

Macho hayakuwa yamechoka. Mtangazaji aliuona uongo huo kwa sababu aliujua. Alikuwa na miaka tisa, kando ya meza ya chakula, na aliwahi kusema macho yanamuuma.

"Baba," alisema, "hapa hatusahihishi."

Mzee alidhani hakusikia vizuri. Akauliza, hatu-nini?

"Hatusahihishi. Mama amelisoma la kwanza, na mji unaitwa alivyosema yeye. Ndiyo desturi ya hapa. Hiyo karatasi nimeandika mimi, na nimefanya vibaya kuiandika. Naomba unirudishie."

"Wewe?" Mzee alikuwa ameduwaa kweli. "Wewe wa kusema hivyo? Nimekusahihisha tangu una miaka sita, na tazama ulipofika. Nchi nzima inakusikiliza. Kulikupunguzia nini?"

Swali lilelile alilomuuliza Fundi dakika kumi zilizopita. Mtangazaji alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje.

"Baba, nikitaka kukupigia simu nafanya mazoezi kwanza," alisema. "Kila Jumapili. Naandika nitakachokuambia, nasoma mara mbili, ndiyo napiga. Kusoma habari mbele ya nchi nzima siogopi. Wewe nakuogopa. Kuna mambo ya moyoni sijawahi kukuambia kwa sababu sijapata namna nzuri ya kuyasema. Nakupenda, na hata hilo nililiandika mwaka juzi, nikalifuta."

Dereva alitazama dari. Mahali pengine angepata mzaha, hapo hakupata.

Mzee akamnyooshea binti yake karatasi, akainuka, akavaa kofia. Alimwambia Mama Bucha kwamba anaomba radhi kwa kumkatisha. Fundi alimwinamishia kichwa kidogo kumuaga, kwa binti yake hakusema kitu. Kengele ya mlango ikalia, akatoka, wakamwona kupitia kioo akipita barabarani taratibu, mgongo umenyooka.

"Ndiyo basi," alisema Mtangazaji. "Nimemfukuza baba yangu. Hawezi kutukubalia tena."

Fundi hakumwambia usijali. Alivuta kiti akakaa karibu naye, bega kwa bega, akamshika mkono chini ya meza. Mama Bucha alivaa miwani yake, akaomba arudie mstari wake kuanzia mwanzo, na mji ukaandikwa daftarini kama alivyousoma. Wakacheza. Mtangazaji alicheza vibaya, hakuona hata dadu zake zimeangukia ngapi, lakini alicheza, kwa sababu kwenda nyumbani kukaa na ile habari peke yake hakuweza.

Saa kumi na moja na nusu, Mama Bucha na Dereva wakiwa wamekwisha kuaga, simu yake ililia. Alitazama jina, akafikiri macho yanamdanganya. Baba yake hakuwa na tabia ya kupiga simu. Yeye hupigiwa.

"Nakusikia, Baba."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa karatasi. Karatasi ikageuzwa, ikageuzwa tena. Mzee akakohoa.

"Nimeandika nitakachokuambia," alisema. "Nimeandika mara mbili. Nikisoma inakuwa kama taarifa ya ukaguzi."

"Usisome basi, Baba."

Alimsikia akivuta pumzi, mzee wa miaka sabini na moja, kama mtoto anayeitwa mbele ya darasa.

"Huyo kijana," alisema, "nilipokuwa namkosesha raha yule mama, hakuniangalia mimi. Alikuwa anakuangalia wewe, akakuachia useme mwenyewe. Nimeliona hilo. Awalete wazee wake. Na wewe... hata usipoandika, mwanangu, nipigie. Piga tu. Hata kama huna la kusema."

Simu ilikatika kabla hajajibu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, amekumbatia trei ya fremu, uso umepauka.

"Kasemaje?"

"Kasema waje," alisema, na kilio kikamshinda.

Trei iliwekwa mahali, sijui wapi, hata yeye Fundi baadaye aliitafuta siku mbili. Alimkumbatia mchumba wake pale katikati ya duka, kioo chote wazi, wapita njia wakitazama, na hakuna aliyejali. Alipopata sauti ya kuuliza, aliuliza kama inaweza kuwa wiki ijayo, Jumamosi, maana wazee wake wote siku hiyo wako huru.

"Jumamosi?" Mtangazaji alimsukuma kidogo, machozi bado mashavuni, amekereka kabisa. "Jumamosi tunacheza. Waje Jumapili."